Mtoto wa Miezi Sita na Mtoto wa Miezi Minane: Uchunguzi wa Maneno Yaliyochanganywa na Fiqhi

Sifa njema zote ni za Allah, aliyewaumba wanaadamu matumboni mwa mama zao, umbo baada ya umbo, ndani ya viza vitatu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baad.

Kuna maneno mawili yanayozunguka katika darsa na mabaraza yetu kuhusu watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao, wale ambao siku hizi huitwa watoto njiti. La kwanza husemwa na vijana waliosoma. Wao hudai kuwa kabla ya hospitali kuwa na mashine za joto hakuna njiti aliyepata kuishi, na kwa hivyo mafakihi waliposema kwamba muda mchache kabisa wa mimba ni miezi sita walikuwa wakipiga hesabu ya karatasini tu. La pili husemwa na wazee, na mara nyengine na baadhi ya wahadhiri. Hawa husema kuwa mtoto wa miezi saba huishi na wa miezi minane hufa, kisha huongeza kuwa hayo yamo vitabuni, wakikusudia kuwa ni katika dini.

Maneno haya yanaonekana kupingana, lakini yametoka kisima kimoja. Kila upande umechanganya mpaka wa kisheria na habari ya kitabibu, ukadhani ni kitu kimoja. Tumeona tuyachunguze kwa sababu madhara yake hayabaki barazani. Yuko mtoto anayenyimwa sala ya jeneza kwa ajili yake, yuko mama anayepotezewa mirathi, na yuko mtoto wa miezi minane anayetazamwa kama maiti hali yu hai anapumua.

Tuanze na miezi sita. Asili yake ni Qur'ani, lakini si kwa aya moja. Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, Allah ametaja kubebwa kwa mtoto na kuachishwa kwake ziwa pamoja kuwa ni miezi thelathini. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, na Suratu Luqman, aya ya 14, kunyonyesha kumetajwa kuwa ni miaka miwili. Ukitoa miezi ishirini na nne katika thelathini hubaki sita. Hesabu hii hawakuitoa wanazuoni waliokaa kitako wakitafuta maajabu ya tarakimu. Ilitolewa mahakamani, na roho ya mwanamke ilikuwa hatarini.

Imam Malik ameieleza katika Muwatta, katika mlango wa hudud, kwamba Sayyidna Uthman (r.a.) aliletewa mwanamke aliyezaa baada ya miezi sita, akaamuru apigwe mawe. Sayyidna Ali (r.a.) akamwambia kuwa huyo hastahiki adhabu, akamkusanyia aya hizo. Uthman akatuma mtu amzuie, lakini akakuta hukumu imekwisha kutekelezwa. Riwaya hii Malik ameileta kwa njia ya balagha, yaani "imenifikia", bila ya kutaja sanadi kamili. Kuna riwaya nyengine zinazosema aliyeletewa kesi alikuwa Sayyidna Umar (r.a.), na kwamba mwanamke aliachiwa. Nyengine humtaja Ibn Abbas (r.a.) badala ya Ali kuwa ndiye aliyetoa hoja. Mwanafunzi wa hadithi ataona mara moja kuwa riwaya zimekhitalifiana katika khalifa, katika mtoa hoja na katika mwisho wa mwanamke. Pengine kesi zilikuwa zaidi ya moja. Lakini zote zimekubaliana katika hoja yenyewe, na madhehebu zote nne zimeichukua. Ibn Kathir, katika tafsiri yake ya aya ya Ahqaf, ameusifu utoaji huu wa hukumu kuwa ni wenye nguvu na sahihi.

Katika tafsiri hiyo hiyo Ibn Kathir ameleta riwaya ya mtu wa kabila la Juhayna ambaye kesi hii ilitokea kwa jamaa zake. Humo mna mambo mawili ambayo ni nadra kuyasikia kwenye mimbari. La kwanza ni kwamba mwanamke yule alipokuwa akivaa nguo apelekwe kwa khalifa, dada yake alilia, naye akamnyamazisha akiapa kuwa hakuna mwanamume aliyemkaribia ila mumewe. La pili ni habari ya mtoto. Msimulizi anasema mtoto alifanana na baba yake kuliko kunguru anavyofanana na kunguru na yai na yai, na kwamba baba alipomwona alikiri kuwa ni mwanawe bila ya shaka. Basi katika riwaya hii mtoto hakufa alipozaliwa, ameishi mpaka sura yake ikawa shahidi.

Na Ibn Abbas amepokewa akisema kuwa mwanamke akizaa kwa miezi tisa humtosha kunyonyesha miezi ishirini na moja, akizaa kwa saba ishirini na mitatu, na akizaa kwa sita miaka miwili kamili. Mwenye kusema hivi anamhesabu mtoto wa miezi sita kuwa ni mtu atakayenyonya na kukua. Zaidi ya hayo, anamwongezea maziwa kwa kadiri ya alivyopungukiwa tumboni. Hoja ya kuwa miezi sita ilikuwa tarakimu tupu haisimami mbele ya kauli hii.

Hata hivyo, ni lazima tuseme pia kisichosemwa na hukumu hii. Haisemi kuwa watoto wa miezi sita huishi kwa kawaida. Haisemi hata kuwa wengi wao huishi. Inasema kuwa jambo hilo linawezekana, na kwamba maadamu linawezekana, haijuzu kuvunja heshima ya mke wala kukata nasaba ya mtoto kwa dhana. Mpaka huu umewekwa kumlinda mtuhumiwa. Fakihi hakuketi hapa kumpimia njiti umri wake.

Sasa tuipime kwa hesabu. Miezi ya fakihi ni ya mwandamo, na sita kati yake ni takriban siku 177. Jamhuri ya wanazuoni huanza kuhesabu tangu ilipowezekana mume kumwingilia mkewe, na Hanafi huanza kwenye akdi. Tabibu wa leo haanzi hapo. Yeye huanza tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo kwa kawaida hutangulia kutunga mimba kwa wiki mbili. Basi mtoto wa siku 177 za fakihi ni mtoto wa wiki 27 na siku chache kwa kalamu ya daktari. Wengi wa wanaobishana katika jambo hili hawajui kuwa kalenda ni mbili, ndipo utakapomsikia mtu akisema miezi sita ni wiki 24, akajenga juu yake.

Madaktari wa kale walisema nini? Imam Fakhruddin ar-Razi katika tafsiri yake, na Ibn al-Qayyim katika Tuhfatul Mawdud, wamenukuu kutoka kwa Jalinus kwamba aliuchunguza sana muda wa mimba akaona mwanamke mmoja aliyezaa kwa usiku 184. Ar-Razi ameongeza kuwa Ibn Sina naye alidai kushuhudia jambo hilo. Siku 184 ni miezi sita ya mwandamo na wiki moja. Nasi tunawashangaa wale wanaoinukuu habari hii kama uthibitisho wa mwisho, kisha wanaficha kuwa ukurasa huo huo wa ar-Razi una habari nyengine kutoka kwa Ibn Sina, ya mwanamke aliyezaa baada ya mwaka wa nne wa mimba mtoto aliyekwisha ota meno. Ukipokea ya kwanza kwa sababu tu imo katika kitabu kikubwa, utaikataaje ya pili? Sisi tunaikubali ya kwanza kwa sababu inaafikiana na yanayoonekana, na ya pili tunaiacha kwa sababu hiyo hiyo.

Bora kuliko habari ya Jalinus ni kutazama walikofika watu wengine ambao hawakuwa wakisoma Ahqaf wala Luqman. Uingereza mwaka 1929 ilipitisha sheria ya kulinda uhai wa mtoto aliye tumboni, na humo mimba ya wiki 28 ikafanywa kuwa dalili ya kutosha kwamba mtoto anaweza kuzaliwa hai. Wiki 28 za daktari, ukiondoa zile mbili za mwanzo, ni siku 182. Fakihi 177, Jalinus 184, sheria ya Kiingereza 182. Mpaka huo ulibaki katika sheria zao kwa miaka sitini, mpaka mwaka 1990 uliposhushwa hadi wiki 24 katika sheria ya kutoa mimba, kwa kuwa mashine na dawa zilikuwa zimekwisha badilisha hali. Hatusemi haya ili kuifanya Qur'ani itafute ushahidi Uingereza. Tunamwambia kijana aliyedhani miezi sita ni ndoto ya watu wa jangwani kwamba wabunge wa London, na hospitali zao nyuma yao, walisimama siku tano tu mbali na hapo.

Lakini na sisi tuwe waadilifu katika kutumia tarekhe. Mifano inayotajwa sana ya watoto wa miezi sita walioishi haina nguvu sawa. Ibn Qudama katika al-Mughni, akimnukuu Ibn Qutayba katika kitabu chake al-Maarif, amemtaja Abdul Malik bin Marwan kuwa alizaliwa kwa miezi sita. Huyu ndiye khalifa wa Bani Umayya aliyetawala mwaka 65 hadi 86 Hijria, aliyejenga Kubbatus Sakhra pale Baytul Maqdis na kupiga dinari za Kiislamu. Kama ni kweli, basi njiti mmoja alibadilisha sura ya dola. Lakini Abdul Malik alizaliwa kiasi cha mwaka 26 Hijria, na Ibn Qutayba amekufa mwaka 276. Baina yao ni karne mbili na nusu bila ya sanadi. Tunaikubali kama habari inayowezekana, hatuifanyi nguzo.

Mfano mwengine ni wa Sayyidna Husein bin Ali (r.a.). Imeenea, hasa katika vitabu vya Mashia, kwamba alizaliwa kwa miezi sita, na kwamba hakuna mwengine wa miezi sita aliyeishi ila yeye na Nabii Isa (a.s.). Sasa tuwekeni tarehe mezani. Hasan (r.a.) alizaliwa katikati ya Ramadhani mwaka wa 3 Hijria, kwa kauli mashuhuri. Husein alizaliwa siku za mwanzo za Shaaban mwaka wa 4. Baina ya hizo ni takriban siku 315. Al-Waqidi ameeleza kuwa Bibi Fatma (r.a.) alishika mimba ya Husein usiku hamsini baada ya kumzaa Hasan. Toa hamsini katika 315, hubaki 265, nayo ni mimba iliyotimia kabisa. Anayetaka miezi sita itambidi aache tarehe hizi atafute nyengine. Na utukufu wa Husein hauzidi wala haupungui kwa idadi ya miezi.

Ama Nabii Isa (a.s.), vitabu vya tafsiri vimetaja miezi sita, saba, minane, tisa, na wengine wakasema saa moja. Qur'ani imenyamaza. Hapa ndipo tunapoingia katika neno la pili, kwa sababu az-Zamakhshari katika al-Kashshaf, alipoitaja kauli ya miezi minane, aliifuatisha na maneno kuwa hakuna mtoto wa miezi minane aliyeishi ila Isa. Wengine wakaihesabu kuwa ni muujiza wake mmojawapo. Msomaji aliyefika hapo huondoka akiamini kuwa kufa kwa mtoto wa miezi minane ni katika mafundisho ya Uislamu. Nani aliyeyasema hayo kabla ya wafasiri?

Waliyasema Wayunani. Katika maandishi yanayonasibishwa kwa Abukrat, karne nyingi kabla ya Hijra, kuna risala mbili, moja ya mtoto wa miezi saba na moja ya mtoto wa miezi minane. Maelezo yao ni kwamba mtoto hujisukuma kutoka katika mwezi wa saba. Akiwa na nguvu hutoka na kuishi, na akishindwa huugua tumboni, akizaliwa katika mwezi wa nane maradhi humkuta juu ya maradhi. Jambo la kuchekesha ni kuwa Aristotle mwenyewe aliandika kwamba Misri watoto wa miezi minane huishi, na kwamba Uyunani ndiko wengi wao hufa. Yaani kanuni ilikuwa ikivuja tangu siku zake. Vitabu vikatafsiriwa Baghdad. Hunayn bin Is-haq, mfasiri mkubwa wa zama za Bani Abbas, ana risala juu ya waliozaliwa kwa miezi minane. Na Ikhwanus Safa wa Basra, katika karne ya nne Hijria, waliigawa miezi ya mimba kwa nyota: mwezi wa kwanza wa Zuhali, wa saba wa Mwezi, na wa nane ukarudi kwa Zuhali, nyota ya baridi na ukavu kwa madai yao, kwa hivyo mtoto wake haishi. Hii ndiyo njia iliyopita kanuni hii mpaka ikafika katika hamishi za vitabu vyetu, na kutoka hapo katika vinywa vya wakunga na wazee. Hatuijui kwayo aya, wala hadithi iliyothibiti kwa Mtume (s.a.w.). Ni utabibu wa Kiyunani uliovishwa kilemba, na sehemu yake ni unajimu mtupu, ambao dini yetu imeuharamisha.

Na kama utabibu pia si sahihi. Njiti hufa kwa sababu zinazojulikana. Hana mafuta chini ya ngozi, basi joto humtoka upesi. Mapafu yake hayajapata ule ute unaoyazuia yasigandamane kila anapotoa pumzi, na ute huo huwa mwingi kuanzia kiasi cha wiki ya 34 au 35. Hajui bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango mmoja, jambo ambalo huja kati ya wiki ya 32 na 34. Na mwili wake ni dhaifu mbele ya vijidudu. Yote haya hupungua kila wiki inayopita. Hakuna sababu hata moja inayomfanya wa miezi minane awe na hali mbaya kuliko wa saba, ila kinyume chake.

Kwa nini basi watu waliiamini kanuni kwa miaka elfu mbili? Tunadhani jibu moja liko katika harusi. Mtoto mnene anayezaliwa miezi saba baada ya ndoa, mara nyingi si njiti, ni mtoto aliyetimia ambaye wenyewe wanajua siku yake. Kila mji una sababu ya kumwita "wa miezi saba", na kwa hivyo "wa miezi saba" wengi wakaonekana wanaishi. Wa minane hakuhitaji kufichwa, akahesabiwa kwa ukweli, na waliokufa wakaonekana. Winston Churchill, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, wazazi wake walioana tarehe 15 Aprili 1874 naye akazaliwa tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, siku 229. Jamaa walisema amezaliwa kabla ya siku zake, na waandishi wa maisha yake wamelitilia shaka. Fakihi wetu asingekuwa na haja ya kunong'ona. Siku 177 zimepita, mtoto ni wa mume, na mwenye kusema vyengine alete ushahidi au mgongo wake ukabiliwe na viboko vya kadhfi.

Na mtu asituletee kisa kimoja. Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa Agosti 1963 wiki tano na nusu kabla ya siku zake, ana kilo mbili na kidogo, akafa kwa maradhi ya mapafu baada ya saa 39, katika nchi tajiri na mbele ya mabingwa wake. Mpenda kanuni ya miezi minane atamrukia kisa hiki. Lakini ute wa mapafu ulikuwa haujapatikana kama dawa wakati ule. Ulitumiwa kwa mafanikio mwaka 1980, na Mjapani Fujiwara, na leo mtoto wa umri na uzito kama wa Patrick katika hospitali yenye vifaa hutarajiwa kuishi. Zuhali haikubadilika baina ya 1963 na 1980.

Turudi kwa kijana wetu: je, kabla ya mashine waliishi? Ushahidi mzuri kabisa unatokana na watu wa mashine wenyewe. Tabibu Stéphane Tarnier wa hospitali ya wazazi ya Paris aliona mashine za kutotolea vifaranga katika bustani ya wanyama ya mji huo, akaagiza atengenezewe inayofanana kwa ajili ya watoto, ikaanza kazi baada ya mwaka 1880. (Misri walikuwa na matanuri ya kutotolea mayai tangu kale, na Abdullatif al-Baghdadi, aliyekufa mwaka 629 Hijria, ameyaeleza kwa urefu katika kitabu chake juu ya nchi hiyo.) Takwimu zilizotolewa zilionyesha kuwa kati ya watoto waliozaliwa na uzito wa chini ya gramu 2,000, waliokuwa wakifa kabla ya mashine ni 66 katika mia, na baada yake 38. Watu huisoma tarakimu hii kwa upande mmoja, kuisifu mashine, na inastahiki sifa. Isome na upande wa pili: kabla ya mashine, kwa sufi na chupa za maji moto tu, 34 katika mia waliishi.

Bila shaka wengi wa hao 34 hawakuwa wa miezi sita. Walikuwa wa saba na wa nane. Wa siku 177 aliyeishi kwa sufi na maziwa alikuwa nadra, na fakihi hakudai zaidi ya nadra. Lakini neno "hakuna" limekwisha anguka.

Na kilichowaponya kilikuwa joto na maziwa. Ibn Sina katika al-Qanun ameagiza kuwa mtoto mchanga alazwe katika nyumba yenye hewa ya wastani isiyo baridi. Pierre Budin, mwanafunzi wa Tarnier, katika kitabu chake cha mwaka 1900 alisisitiza joto, maziwa na kukinga maradhi, na akataka mama asitenganishwe na mwanawe. Halafu mwaka 1978, Bogotá nchini Kolombia, tabibu Edgar Rey alipokosa mashine za kutosha aliwafunga njiti vifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ndiyo inayoitwa ya kangaruu. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 kutoka hospitali za nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliwachukua watoto wa kilo moja hadi chini ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani tangu mwanzo, bila ya kungojwa watulie kwanza, walikufa 12 katika mia ndani ya siku 28, na wengine 15.7. Kifua cha mama ndicho alichokuwa nacho mwanamke wa Juhayna. Basi anayemwambia mzazi kuwa wa miezi minane ni wa kufa, amwache tu, ajue analozuia.

Tumalizie kwa linalowahusu maimamu wenzetu moja kwa moja, kwani hapa ndipo makosa hufanyika kila wiki. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati akalia, au akapumua, au akatikisika kwa namna inayojulisha uhai, kisha akafa baada ya saa mbili au dakika mbili, huyo si mimba iliyoporomoka. Huyo ni Muislamu aliyekufa. Huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na huzikwa, hata akiwa mdogo wa kutoshea kiganjani. Asiyeonyesha uhai, na amefika miezi minne, kwa Shafii huoshwa, hukafiniwa na huzikwa bila ya kusaliwa, na Imam Ahmad anaona asaliwe. Mashafii wa baadaye wamekhitalifiana juu ya aliyetimiza miezi sita akatoka bila ya dalili ya uhai. Ar-Ramli katika Nihaya anamhesabu kama mkubwa, asaliwe, na Ibn Hajar katika Tuhfa hakubaliani naye. Mwenye kumfuata mmoja wao asimkemee mwenzake mbele ya wafiwa.

Katika mirathi hali ni nzito zaidi. Chukua mtu aliyekufa akaacha mke mwenye mimba na ndugu mmoja wa baba na mama, na mali yake ni sehemu 24. Mimba ikitoka maiti, mke ana robo, sehemu 6, na ndugu huchukua 18. Lakini mtoto wa kiume akizaliwa hai japo kwa saa moja, mke ana thumni, sehemu 3, na mtoto 21, na ndugu hana kitu. Mtoto akifa, mama yake humrithi thuluthi ya zile 21, nazo ni 7, na ami huchukua 14. Mama amepata 10 badala ya 6. Tofauti ya sehemu nne imesimama juu ya pumzi ya njiti, na ami ndiye mara nyingi anayekuja kumwambia imamu kuwa "ile ilikuwa mimba tu, Sheikh, haikufika".

Kwa hivyo imamu asitosheke na neno la mjumbe aliyekuja kuomba sanda. Kilio cha mtoto ni katika yale ambayo mafakihi wamekubali ushahidi wa wanawake peke yao, kwa kuwa wanaume hawapo hapo: wanne kwa Shafii, wawili kwa Malik, na mkunga mmoja mwadilifu kwa Ahmad. Siku hizi wodini kuna wakunga na wauguzi, na kuna karatasi iliyoandikwa saa ya kuzaliwa na saa ya kufa. Aulize nani alikuwepo mtoto alipotoka na aliona nini, na aiombe karatasi hiyo aisome kabla kaburi halijachimbwa.

Wallahu aalam.